Kinyozi Aliyesemewa na Wanawe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi vinyozi wenzake mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii, poleni na msiba, poleni pia na jua. Mimi ni dada yake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake kwa sababu, kama walivyosema wanawe, shangazi ana sauti. Sauti hiyo kaka ndiye aliyenifundisha, maana ukiishi na mtu asiyesikia vizuri unajifunza kutomung'unya maneno.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa seremala na mkewe, akalia kwa nguvu hata bibi yetu akasema huyu akipotea hatutapata taabu kumtafuta. Alianza shule Januari 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, akiwa kipenzi cha mwalimu wa hesabu na mwiba kwa mwalimu wa zamu, kwa kuwa wakati wa mapumziko aliwanyoa wenzake kwa wembe wa baba, na siku moja kengele ikagongwa akiwa amemaliza upande mmoja tu wa kichwa cha kiranja, naye kiranja akaingia darasani hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kufagia nywele kwa kinyozi mmoja mzee, akapanda hadi kushika mkasi, na tarehe 1 Julai 1974 akafungua chumba chake mwenyewe nyuma ya stendi, chenye kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, na kioo kilichojaza ukuta mzima. Kazi hiyo, kwa wasioijua, ina jambo lake, kwamba fundi husimama nyuma ya mtu anayezungumza naye, hivyo kaka yangu maisha yake yote alizitazama nyuso na midomo ya watu kwenye kioo, akawajua hivyo, akacheka nao hivyo, hata wengine wakamwita Fundi Kioo.

Tarehe 17 Desemba 1977 alimwoa binti wa muuza vitambaa wa mtaa ule ule, wifi yangu, mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mwaka 1979, naye leo ni mhasibu, na wa pili, wa kike, alizaliwa mwaka 1983, naye ni mwalimu wa sekondari. Wote wawili walinyolewa na baba yao kwenye kiti kile, wamekalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti ili vichwa vyao vifike kwenye kioo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini masikio yalianza kumtupa. Mteja akisema punguza pembeni, yeye anaondoa zote, watu wanacheka, naye anacheka nao, mpaka ikafika siku akaacha kucheka. Aibu ikamfundisha hila ya kuitikia ndiyo kwa kila jambo, hata jirani alipomweleza kwamba amefiwa na mama yake, kaka akamjibu ndiyo, vizuri sana, na jirani huyo, ambaye yuko hapa leo, alikaa muda mrefu bila kumsalimu.

Mwezi Mei 2002 wifi yangu alimshika mkono akampeleka kliniki ya masikio, wakampata mama mmoja mtaalamu ambaye kaka alimtaja hadi mwisho wa uhai wake. Kila swali lilipoulizwa wifi alilidaka, kama ilivyo desturi yetu ya kumsemea mgonjwa, na yule mama akamwambia kwa upole, "Mama, zamu yako inakuja, kwanza namuuliza mwenye masikio." Akamgeukia kaka, uso kwa uso, akamuuliza anataka kusikia nini. Kaka akafikiri, akasema, "Mkasi. Mkasi ukiwa butu huwa unaniambia, siku hizi umeninunia." Zamu ya wifi ilipofika, naye akaulizwa nyumbani anataka nini, akasema, "Aache kunijibu ndiyo, mimi sikuolewa na ndiyo."

Alipewa mashine ya sikio, lakini yule mama hakuishia hapo, aliagiza familia nzima ije, akawaketisha watoto, ambao wakati huo walishakuwa watu wazima, akawafunza wamguse baba bega kabla ya kusema, wakae penye mwanga, waseme mmoja mmoja, wasizibe midomo wala kusema wakiwa wamempa mgongo, na zaidi ya yote, jambo linalomhusu aulizwe yeye. Walijifunza wakicheka, wakajua, na nyumba ile ikawa nyumba ya furaha, hakuna aliyeita kutoka jikoni, na kaka akarudi kubishana na watu kama zamani.

Tarehe 8 Februari 2014 wifi yangu alifariki, na kaka akahamia kwa mwanawe wa kwanza. Mashine ikawa inapiga miluzi wakati wa taarifa ya habari, ikatiwa kwenye droo, mazungumzo ya mezani yakampita, na kila alipouliza mnacheka nini alijibiwa, "Si kitu, mzee." Hiyo "si kitu" alilishwa asubuhi na jioni. Ndiyo maana aliendelea kwenda kazini ingawa miguu ilimuuma, kwa kuwa kule mbele ya kioo alikuwa bado ni mtu.

Mwezi Julai 2022 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Karatasi niliyokabidhiwa jana inasema hapa kwamba marehemu aliugua vidonda vya tumbo, akatunzwa na wanawe kwa upendo, akaondoka bila kujua ukubwa wa ugonjwa wake. Mtaniwia radhi, karatasi hiyo naikunja, kwa sababu kaka yangu alinituma kitu kingine.

Tarehe 14 Septemba 2022 wanawe walimpeleka hospitali kupokea majibu. Walimkalisha kwenye kiti cha ukutani, wao wakakaa mezani kwa daktari na kumpa baba yao mgongo, wakasahau kwamba kinyozi kazi yake ni kukaa nyuma ya watu. Juu ya sinki la kunawia mikono, nyuma ya daktari, palikuwa na kioo. Kaka alimwona daktari akisema ni saratani, kwamba kuna upasuaji wenye hatari zake, na kuna njia ya kutuliza maumivu tu, halafu akauliza mzee mwenyewe anasemaje. Akamwona mwanawe kwenye kioo akijibu, "Dokta, ongea na sisi, mzee hasikii." Akamwona binti yake akifuta machozi na kusema, "Tutamwambia ni vidonda, akijua atakufa kesho." Daktari akainamisha kichwa akaandika, kisha akamwonyesha kaka dole gumba na kutabasamu. Wanawe wakageuka, wakapanua midomo, vi-do-nda, mzee, u-ta-po-na, naye, baada ya miaka yote ile, akaitikia tena ndiyo.

Jioni ile alikuja kwangu, akavuta kiti penye mwanga, akanieleza yote. Akaniambia, "Upasuaji huenda ningeukataa, dada, lakini ningekataa mwenyewe." Nilitaka kwenda kuwavaa usiku ule ule, akanizuia, akasema, "Usiwaambie kitu. Hawa ni wanangu, wataniambia wenyewe. Wasiponiambia, utawaambia wewe siku ya kunizika."

Akawasubiri. Aliitoa mashine kwenye droo, akawa anaivaa kila jioni, anakaa karibu na taa, anawatazama usoni na kuwauliza kama kuna jambo la kumwambia. Walimjibu anywe dawa, wakambusu kipajini, wakaenda kulala. Sisemi hawakumpenda, walimpenda, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba waliompenda walimzika mapema ili wasimwone akilia. Mimi nimekasirika, na sitaificha hasira hiyo.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 19 Januari 2023, wodini, bado anasubiri.

Familia inamshukuru yule mama wa kliniki ya masikio, aliyemtendea kaka yangu kama mwenye nyumba na si kama mzigo. Tunamshukuru muuguzi wa wodi aliyesogea hadi dirishani, akashusha barakoa yake ili midomo ionekane, akamuuliza, "Mzee, unataka nani akae nawe?" na kaka akajibu, "Yeyote atakayenitazama," naye muuguzi huyo akakaa. Tunawashukuru majirani, vinyozi wenzake, wateja waliokubali kunyolewa zaidi ya walivyotaka, na madaktari wote, hata yule wa dole gumba, ambaye tunamwomba kesho amsogelee mgonjwa wake.

Na ninyi wanangu mliokaa mbele hapa mmeinamisha vichwa, mmesikia habari zenu zikisemwa mbele yenu na hakuna aliyewauliza neno, basi mjue hivyo ndivyo baba yenu alivyokaa kwenye kile kiti cha ukutani. Nawapenda, lakini ujumbe wake nimeufikisha.

Kaka, lala kwa utulivu. Huko uendako utaulizwa wewe mwenyewe, na utajibu mwenyewe.