Mate Yaliyochoka

Kijiwe chetu hapa Mwakitolyo kina benchi moja la mbao, birika la kahawa na watu wanaojua kila kitu. Najihesabu miongoni mwao, ingawa siku ile sikujivunia. Saa mbili asubuhi Deusdedit, tunayemwita Baba Limi, alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku kwenye shimo la dhahabu, vumbi hadi kwenye kope, akakataa kahawa. Bintiye Limi, wa miaka miwili, alikuwa hajala tangu juzi. Meno manne ya mbele yalikuwa yameoza na shavu limevimba. Baba mtu alikuwa anasubiri bodaboda wampitie mtoto, wampeleke Tinde kwa mzee anayeng'oa meno ya watoto kwa spoku ya baiskeli.

— Wahi, alisema Profesa, ambaye shule aliishia la nne. Samaki mkunje angali mbichi.

Karasha, anayesaga mawe mashineni, hakukubali.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Unatoka shimoni na vumbi la mawe, unambeba mtoto. Vumbi ndilo linalomsaga meno.

— Mbona wa kwako hawasagiki? Tatizo ni mate, alisema Profesa. Baba Limi, umelamba mawe miaka mingapi?

— Tisa.

Mchimbaji akilitilia jiwe shaka hulilamba, maana likilowa, dhahabu huonekana. Sote tunalamba. Profesa akatufafanulia kwamba mate ni askari wa mdomo, na kwa hilo hakukosea. Ila askari wa Baba Limi, alisema, wameishia kwenye mawe, na mtoto amerithi waliochoka.

— Lakini ninyi ndio mlioniambia nimpake menoni mate yangu ya asubuhi, kabla sijasukutua, alisema Baba Limi. Nimempaka wiki tatu.

Ni kweli, tulimwambia, na mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilisikia aibu, lakini niliendelea kunywa kahawa.

— Umempaka yaliyochoka, alisema Profesa, ambaye kinywani amebakiwa na meno matatu. Ungeniita mimi. Dawa ya moto ni moto.

Nyuma yetu kulikuwa na dada aliyesimama kununua kashata. Alitusalimu shikamoo wote kwa pamoja, akasema anaitwa Aneth, mhudumu wa afya, kahamia juzi kutoka Kahama. Akaomba radhi kwa kuingilia.

— Baba, mate ya mtoto hayajachoka. Yanaosha meno na yana kinga ya kupambana na vijidudu. Ila ukimpaka ya mtu mzima, unampelekea na vijidudu vya mtu mzima. Na akilala, mate hupungua. Kikibaki kitu cha sukari mdomoni saa hizo, kinga yake inazidiwa. Limi hulala na nini mdomoni?

Baba Limi alitutazama. Tuliojua habari za mate ya ukoo mzima, hilo hatukulijua. Akampigia mkewe na kuweka sauti kubwa, maana masikio yake yameharibiwa na baruti.

— Mama Limi, mtoto hulala na nini mdomoni?

— Na chupa yake ya chai.

— Ina sukari?

— Bila sukari haitaki. Wewe ukitoka shimoni unataka kulala, akilia unafoka. Ulisema mwenyewe nimpe chupa anyamaze.

Bodaboda ilifika. Aneth alimwambia Baba Limi kwa upole kwamba uvimbe ule hauguswi kwa spoku, mtoto apelekwe kituo cha afya leo hii. Baba Limi aliitikia kwa kichwa, lakini simu ilikuwa bado hewani.

— Baba Limi, upo? aliuliza mkewe. Mbona mnalala kitanda kimoja kila mchana, kwani hukuwahi kumtazama?

— Nakuja kumchukua, alisema Baba Limi, akapanda bodaboda na kumwambia dereva waende kituo cha afya, si Tinde.