Uso Wangu kwenye Pakiti ya Zambarau

Sogeeni, wanangu, Naima na Shamte, na wewe Majid toka huko nyuma ya pazia, maana leo nasema mara moja tu, pumzi ya kurudia sina. Mikorosho ya Mitole gawaneni kama dini inavyotaka, sheikh awapimie, na asiyeridhika akapande yake. Mzambarau wa uani nilimpa Naima mwaka juzi mbele ya watu, nikiwa bado natembea; asiugombee mtu.

Kinachoniua ni kidonda hiki cha mguu nilichowaficha mwaka mzima, na mficha maradhi kifo humuumbua. Msije mkasingizia kingine.

Sasa la sukari. Shule niliishia darasa la saba, lakini namba za kile kipimo alichoniletea Shamte nazisoma. Wiki nzima niliacha vidonge vya kliniki, ujinga wa mtu mzima huo, nikanywa unga wa kokwa za zambarau aliotwanga Naima kwa mkono wake. Kila asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, najidunga kidole: kumi na sita, kumi na tano, kumi na sita. Nikafungua pakiti ya Majid, ile anayouza stendi ya Kivinje, yenye picha yangu na maneno “Mama Amepona”. Mti uleule, kokwa zilezile. Siku ya tatu, sita! Nikafurahi kama mjinga, nikarudia na vidonge vyangu ili niimalize kabisa. Ikashuka hadi mbili nukta tatu. Nikaanguka mlangoni pa choo, jasho kama mchukuzi wa magunia, na bila Naima kunisugua sukari kwenye fizi mngekwisha kunizika.

Hapo ndipo shaka ilipoamka. Nikaupepeta unga ule kwenye ungo, nikakuta vipunje vyeupe, nikavilamba. Uchungu wa kliniki naujua, nimeumeza miaka tisa. Nikamuuliza Majid, akaapa: “Wallahi mama, hiyo ni baraka ya mkono wangu tu.” Baraka gani ina ladha ya duka la dawa? Usiniangalie hivyo, mwanangu. Nilikuchapa ukiwa na miaka kumi na mbili, mbele ya karani wa mizani, kwa kutia kokoto kwenye gunia la korosho. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliishona.

Ungenidanganya mimi peke yangu, ningefumba macho nikaondoka. Lakini jana mke wa mzee Yasini alikuja kunijulia hali, akasema mumewe anakunywa unga wako pamoja na vidonge vyake, kwa kuwa ameuona uso wangu, na asubuhi anatetemeka, haijui hata njia ya msikitini. Uso wangu, Majid! Miaka sabini na nne sijamdanganya mtu kwa uso huu.

Naima… nipe maji. Kidogo tu.

Naima, radhi yangu unayo. Shamte, unayo, Mungu akufungulie riziki. Pakiti zilizobaki zichomeni, picha na vyote. Majid… usilie, kulia hakumwondolei Yasini kutetemeka. Baiskeli iko nje. Nenda kwa Yasini sasa hivi, kabla hajanywa ya mchana, umwambie ulichotia, kwa mdomo wako, mkewe akisikia. Radhi yako nimeiweka… kwake. Kaichukue. Nenda, baba, nenda…