Msimfukuze Anayekohoa

Sikilizeni wanangu, kaeni hapo hapo barazani, na dirisha hili la kitandani kwangu liacheni wazi hata vumbi likiingia, maana kifua hiki changu hakina adabu na sitaki mkirithi kabla ya tanuri la mikate.

Wewe binti yangu mkubwa, tanuri ni lako, na meza ya kukandia, na wateja wote wa alfajiri; usiwapunjie uzito wa mkate, watajua tu. Wewe kaka mtu, nyumba hii ni yako na dada yako, ila chumba cha nyuma ni cha mdogo wenu, alale humo asilale. Najua umeshakunja uso. Ulimtoa na godoro lake, ukasema hutaki mvuta betri chini ya paa lako. Paa bado ni langu, bwana mkubwa, mpaka nikate roho.

Naogopa, wanangu, na sioni haya kulisema. Mnamkumbuka yule daktari wa utafiti, mama wa viatu vya raba, aliyekuja kuwauliza waokaji wetu wa zamu ya usiku kuhusu hiyo dawa wanayovuta wasisinzie, wanayoiita betri? Vijana walidhani ni askari kanzu, wakaruka dirishani wakakimbia. Mimi nilibaki kwa sababu magoti yangu hayaruki. Akanieleza wanachochunguza: anayevuta hukonda, hutoka jasho, hasikii njaa, hukohoa, na mwenye kifua kikuu naye ni vivyo hivyo, basi nyumbani wanalaumu dawa, mwenyewe analaumu moshi, na ugonjwa unakula mapafu kila mtu akitazama kwingine. Tena wanavuta wamejifungia, bomba moja, midomo mitano, madirisha wameyaziba. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mdogo wenu hata hajui kama ana la kuficha.

Mimi nilipimwa, nikakutwa na kifua kikuu, vidonge nikavianza nimechelewa. Ninyi mmepimwa, mko salama. Yeye bado. Mara ya mwisho nilipomwona suruali ameifunga kwa kamba ya gunia, nawe kaka mtu ukacheka, ukasema betri imemla. Tangu siku ile usingizi umenikimbia. Nikifumba macho namwona katika chumba kisicho na hewa, nami siwezi hata kuinuka kitandani.

Basi mtafuteni. Msiende na polisi, msiende na fimbo, wala msimwambie aache kwanza ndipo mumsaidie. Yule mama alisema wagonjwa wao hutibiwa hata wakiwa bado wanavuta, ila wakitishwa hukimbia, na huyu akikimbia... ngojeni, nivute pumzi... akikimbia mtazika wawili. Mtoto akikunyea kiganjani, hukikati kiganja.

Nyamazeni. Hicho kikohozi si changu. Kiko nyuma ya tangi la maji. Msigeuke ghafla. Kaka mtu, kaa, nasema kaa! Binti yangu, msogezee kiti, wala usiseme neno juu ya nguo zake.

Mwanangu, hakuna askari hapa, ni ndugu zako tu, nao wanakuogopa kama unavyowaogopa. Asubuhi watakupeleka kupimwa. Watakwenda nawe wote wawili, wameniahidi... semeni mmeniahidi. Haya. Mungu awaweke pamoja, awape... awape pumzi ndefu kuliko yangu.

Mbona unakimeza kikohozi, mwanangu? Usijizuie. Kohoa... kohoa tu, nijue bado upo.