Salamu ya Sekunde Thelathini na Nane

Kijiwe cha Kornelio, muuza kahawa wa Kilosa mjini, kiko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na mchana ule kinyozi alikuwa amemruhusu Aneth achomeke laptop yake. Binti wa watu alikuwa na presha! Filamu yake ya chuo ilitakiwa itumwe kabla ya saa kumi, isizidi dakika tano, nayo ilizidi kwa sekunde thelathini na nane. Ilihusu mkulima na mfugaji waliokosana. Waigizaji wenyewe, mzee Ditram wa mahindi na Sendeka wa ng'ombe, walikuwa palepale, kila mmoja mwisho wake wa benchi. Tangu ng'ombe wa Sendeka waingie shambani kwa Ditram mwaka jana, hawakuwa wamesemeshana. Aneth aliwabembeleza waigize, kila mmoja kivyake. Siku ya kurekodi akawaambia wapishane kimya, wao wakajikuta wanasalimiana. Basi, hizo ndizo sekunde zilizozidi.

– Nakata salamu, alisema Aneth.

– Weee! alisema Melkizedek, anayeitwa Wizara kwa kujua kila jambo la serikali, akaweka kikombe chini. – Mwaka mzima tumeisubiri salamu hiyo, wewe unaifuta kwa kidole?

– Lakini Wizara, kwenye hadithi hawa wamenuniana.

– Si wanune wakishasalimiana! Watu wazima tunagombana kwa adabu.

Octavian, fundi baiskeli wanayemwita Injinia, akasogea kuchungulia.

– Hiyo programu umeinunua wapi?

– Ni ya bure, Injinia.

– Bure! Hapo ndipo mnapopigwa. Ukikata kipande, unadhani kinakwenda wapi?

– Kinafutika tu.

– Eti kinafutika! Msomi mzima. Kuna mtu kakaa huko ughaibuni, kazi yake kuokota vipande. Ndiyo mshahara wake.

– Nimeelewa! alidakia Wizara. – Wanaviunganisha. Kesho utamkuta Ditram kwenye tangazo la dawa ya meno.

– Na meno yenyewe manne, alisema Kornelio.

Benchi zima likaangua kicheko. Ditram alicheka, Sendeka alicheka, ila kila mmoja aliangalia upande wake.

Aneth hakucheka. Saa ilikuwa tisa na nusu. Kipande kile alishakitazama zaidi ya mara ishirini, na kila alipomwona Sendeka akiinamisha kichwa kumwamkia Ditram roho ilimuuma. Alijiona kama anawagombanisha upya.

– Mzee Ditram, wewe unasemaje?

– Mimi nilikuwa naigiza tu.

– Hata mimi, alisema Sendeka, macho barabarani.

– Haya, nakata.

– Usikate! walisema wote wawili kwa pamoja.

Injinia alijipiga paja kwa kicheko. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri gari la Rudewa na kahawa yake mkononi, akaomba kuuliza.

– Samahani jamani. Wazee wa kwenye filamu ndio hawa?

– Ndio hao, alisema Kornelio.

– Na leo wameshasalimiana?

Wizara aliinua kikombe akakuta kitupu. Injinia akaanza kukagua spoku ya baiskeli ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Kornelio aliinamisha birika, likatoa masimbi matupu ya kahawa.

Sendeka akainuka. Alilizunguka benchi taratibu mpaka mbele ya mwenzake, akainamisha kichwa.

– Shikamoo, mzee Ditram.

Ditram akainua uso.

– Marahaba, Sendeka. Nyumbani hawajambo?

– Hawajambo.

– Watoto?

– Wazima. Sijui mama?

– Mguu bado unamsumbua. Na ng'ombe?

– Wapo, mzee. Mahindi je?

– Yameanza kubeba. Keti basi, mbona umesimama kama mgeni?

Sendeka akaketi, wakaendelea: mvua, bei ya mbolea, ndama aliyevunjika mguu. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, na hapakuwa na aliyerekodi. Aneth alijifuta machozi kwa kiganja huku anacheka. Akainamia laptop, akazikata zile sekunde thelathini na nane, na hakuna aliyemzuia.