Mtambo Uliojifunza Ziwa Likiwa Limefungwa

Mgeni rasmi, Papa Léopold Kalenga, mkuu wa ulinzi wa mtandao wa kampuni kutoka makao makuu Lubumbashi, Mama Matildah, meneja wetu, wenzetu wote:

KARIBU

Mwaiseni mukwai, ndivyo wenyeji wa Nchelenge wanavyokaribisha. Tulitaka kukuimbia, lakini utusamehe, leo hatuna moyo wa kuimba. Umekuja kuzindua mtambo wa pili wa ulinzi, na ule wa kwanza bado haujatuacha tupumue. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi sisi tunangoja kupona.

TULIKOTOKA

Kampuni yetu ya Baridi ya Mweru ilianza na jokofu moja na mizani ya kuning'iniza. Leo mizani ya ufukweni ina kompyuta yake: samaki wakipimwa, kilo zinafika ofisini papo hapo kwa mtandao wa ndani, na ofisi inatuma barafu. Wapo kati yetu wazawa wa ziwa hili, na wapo waliotoka Kongo wakapitia kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Kazini hatuulizani.

TUNAYOSHUKURU

Mtambo wa kwanza unatazama kila kinachopita kati ya kompyuta zetu, na tuupe haki yake. Ndugu Chiti alipochomeka flashi yake ya nyimbo za kwaya, iliyojaa virusi, ulimkamata kabla ya ubeti wa kwanza. Tulicheka, naye akacheka. Hatukatai kulindwa.

KINACHOTUSUMBUA

Mafundi wenu waliufunga mtambo Januari, wakauacha ujifunze mawasiliano ya kawaida ya hapa kwetu. Januari, Papa! Uvuvi huwa umefungwa mpaka Machi ili samaki wazaliane, mitumbwi imelala kifudifudi, mizani haina la kusema. Nasi hatukuwaambia, maana hapa hata mtoto analijua hilo; hatukufikiri kuna mtu wa kuambiwa. Mtambo ukajifunza kwamba kawaida yetu ni kimya.

Siku ziwa lilipofunguliwa, samaki waliingia kwa wingi, na Aurélie, mpimaji wetu, akatuma kilo bila kupumzika. Mtambo ukadhani ni adui anayeiba data, ukakata laini ya ufukweni. Barafu haikuja. Samaki wakaoza mbele ya macho ya wavuvi, na ripoti iliyowafikia ninyi makao makuu ikataja jina moja tu. Aurélie akasimamishwa kazi. Alishika kichwa akasema, "Miye siko mwizi. Nilikuwa natuma tu kilo ya samaki yenye boti ilileta." Kibali chake cha kuishi nje ya kambi kinategemea kazi hii. Jambo hili linatuuma, na tuseme wazi, linatukasirisha.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mtambo ufundishwe upya wakati wa samaki, mmoja wetu akiwepo. Tunaomba kengele ikilia, mtu apige simu ufukweni kabla ya kukata laini. Hayo yanaweza kungoja. La Aurélie haliwezi: lori la kumrudisha kambini Mantapala linaondoka kesho asubuhi, na vitu vyake vimeshafungwa. Sasa hivi yuko nje ya geti, maana kadi yake haifungui mlango tena. Utepe upo na mkasi upo, lakini tunakusihi, kabla hujakata, utoke kwanza ukazungumze naye.

Mungu akufikishe nyumbani salama, akupe na wewe watu wa kukusemea siku utakapohitaji. Twatotela, tunashukuru.

Ni sisi, wafanyakazi wote wa kituo cha Nchelenge, tukimhesabu na Aurélie.