Koti la Gwaride Lenye Wenyewe Wanne

Mjerumani alipomaliza kutandika reli mpaka Dodoma, taruma moja la chuma, lile la kulalia reli, lilibaki halina kazi. Bashiri Mrangi, muuza kahawa kutoka Kondoa, akalilaza juu ya mawe mawili nyuma ya tembe la dobi, na hapo kijiwe kikazaliwa. Asubuhi taruma lile lilikuwa baridi kama mkono wa karani, mchana likawaka kama kikaango, kwa hiyo wenye akili walikwenda kukaa kwingine, wakabaki hawa. Alikuwapo Silvano, mfagizi wa ofisi ya simu, aliyeitwa Telegrafu maana habari zilimfikia kabla hazijatokea. Alikuwapo Msafiri Mnyamwezi, mpagazi wa zamani, aliyeitwa Mzigo kwa sababu kila hadithi aliyoisimulia, yeye ndiye aliyeibeba kichwani. Na alikuwapo mwenye tembe, Methusela, dobi wa watu wa reli, aliyeitwa Vifungo. Huyu hakuwa askari hata siku moja. Bunduki ikilia Manyoni, yeye alilala kifudifudi Dodoma. Lakini sare kuukuu za askari wadogo, zile za gwaride, alizitafuta kama wenzake walivyotafuta ng'ombe. Alikuwa nazo sita, kazihifadhi kwa majani ya tumbaku ndani ya kilindo, lile pipa la magome la kuwekea nafaka. Alasiri hiyo alitoa koti moja, akaja nalo begani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

— Yudith kanipa neno la mwisho, alisema.

— Mke akikupa neno la mwisho, alisema Silvano, ujue ndiyo kwanza anafungua kikao.

— Mtama umevunwa, umelala juu ya paa. Kuku wanakula, majirani wanakula, sisi tunatazama. Kasema nimletee mtu mmoja tu chini ya jua, asiye mimi, atakayemwambia kwa kinywa chake kwamba haya matambara yana thamani. Nikimpata, kilindo ni changu. Nisipompata, jua likizama mtama unaingia, makoti yanatoka. Atayakata viraka vya kushonea magunia.

— Maskini magunia, alisema Msafiri.

— Ndiyo maana nimewaletea hili mlitazame. Si koti la hivi hivi. Ni la askari wa safari za kwanza, kabla ya reli. Nimempa mfugaji wa Chemba mtamba mzima.

Vikombe vilisimama njiani.

— Mtamba yule mweupe?

— Huyohuyo. Mwezi wa pili sasa.

— Yudith anajua?

— Anajua yuko malishoni.

— Si uongo, alisema Bashiri akimimina kahawa. Ila malisho yenyewe yako Chemba.

Methusela alilitandaza koti juu ya magoti yao, maana taruma lingeliunguza. Vifungo saba vya shaba vilimeta. Alikuwa amevisugua kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikachubuka. Hakuweza kumweleza mtu kwa nini. Alipokuwa mtoto wa kuchunga, askari wa kwanza walipita kwao kwa mstari, na yeye, aliyevaa kipande cha ngozi, aliona vifungo vikifungwa vyote mpaka kooni. Askari wale wale waliondoka na mbuzi wanne wa baba yake. Baba alikumbuka mbuzi mpaka kaburini. Methusela alikumbuka vifungo. Kila ukoo una mjinga wake, na kwao hawakuhangaika kumtafuta.

— Hapa kifuani pana doa, alisema Silvano. Hii ni damu. Mwenye koti alikufa vitani, nami naijua vita yenyewe, iliandikwa kwenye waya.

— Wewe unafagia, huo waya alikusomea nani?

— Mwenye macho haambiwi tazama.

— Damu gani hii yenye mbegu ya pilipili? aliuliza Bashiri, akiikwangua kwa ukucha.

— Damu ya mtu mkali, alisema Silvano bila kupepesa.

Msafiri alikuwa ameinua kwapa la koti. Ndani palikuwa na kiraka cha kanga ya maua, kimeshonwa kwa uzi wa nyuzi za mbuyu.

— Hirizi, alinong'ona. Nalijua koti hili. Nimelibeba mimi, toka Tabora. Mwenyewe alipigwa mishale arobaini, yote ikageuka, ikawarudia waliopiga. Wakubwa walipoona hivyo wakampandisha cheo.

— Wakampandisha nani?

— Koti. Likawa ombasha. Mwenyewe akabaki askari wa kawaida, ikawa kila asubuhi akilivua lazima alipigie saluti kwanza. Ndivyo wahenga walivyosema, chanda chema huvikwa pete.

— Chanda kinaingiaje hapo?

— Kimetoka mkononi mwa koti.

— Basi kama ni ombasha, alisema Silvano, mimi nina nusu yake. Nani alimwona yule mfugaji sokoni akakuita?

— Mikono yote miwili ni yangu, alisema Msafiri. Nimeibeba.

— Kahawa mnayokunywa tangu mlipoanza kulitazama ni yangu, alisema Bashiri. Nachukua vifungo.

— Na mimi je? aliuliza Methusela.

— Wewe una kola, ndugu yangu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kila mmoja akaushika upande wake na kuuvuta. Methusela aliona wazi kwamba amekuja kutafuta shahidi mmoja, akapata warithi watatu. Hata hivyo moyo ulimpanda kidogo. Watu hawagombei tambara. Labda Yudith angekubali kuwasikiliza. Kisha akawatazama nyuso, akajua angewafukuza kwa mchi.

Ndipo viatu vya misumari vikasikika kwenye changarawe.

Alikuwa shaushi, sajini wa askari wa Mjerumani, mzee mwenye ndevu za mvi, furushi begani. Alikuja kununua kahawa akisubiri gari moshi la kwenda pwani.

— Salaam aleikum.

— Wa aleikum salaam, alijibu Bashiri.

Shaushi hakuketi. Alilitazama koti, akatazama mikono minane iliyolishika.

— Koti hili la nani?

Mikono minane ikafunguka kwa pamoja. Koti likateleza, likaanguka vumbini.

— Mimi nafagia tu, alisema Silvano.

— Goti langu lilikuwa hapa kabla koti halijaja, alisema Msafiri.

— Mimi, afande, nauza kahawa.

Wote wakamgeukia Methusela. Kola ilikuwa yake. Mkia wa mtamba ulipita mbele ya macho yake, ukafuatwa na kiboko cha bomani, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kwa anayekutwa na mali ya serikali, na makoti matano mengine yaliyolala kilindoni yakisubiri kuhesabiwa. Makalio yake yalijibu kabla ya kinywa.

— Tumelikuta hapahapa, afande.

Shaushi akainama, akaliokota, akalikung'uta vumbi polepole. Akageuza kwapa. 

— Kiraka hiki alikishona mke wangu, Kilimatinde, alisema. Alikata kanga yake mwenyewe. Na mchuzi huu ni wake pia, marehemu Mwanahawa. Pilipili alikuwa hazihesabu. Mwaka wa pili baada ya kumzika tulivamiwa safarini, mizigo ikatawanyika, hili likaenda nayo. Sasa nimemaliza utumishi, narudi kwetu mikono mitupu, halafu nalikuta hapa.

Akaupitisha ukucha kwenye ukingo wa kiraka.

— Hapa palikuwa pamefumuka. Kuna mtu kapashona upya, kwa uzi uleule, shono lilelile. Angeweza kukitupa kiraka, hakukitupa. Na vifungo hivi vimesuguliwa na mtu anayejua kazi. Ningependa kumjua. Ningekwenda hadi kwake nimpe mkono mbele ya watu wa nyumba yake. Kweli hamumjui?

Methusela alifungua kinywa. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo wake, ukuta mmoja tu, na Yudith ndani yake akipepeta. Lakini kusema kweli sasa ni kukiri uongo wa kwanza, na uongo kwa shaushi una viboko vyake peke yake. Alijaribu kuhesabu vyote pamoja, akashindwa. Gari moshi likapiga honi.

— Mkimwona, mwambieni kwamba mimi, Yahaya, namshukuru, alisema shaushi.

Akalivaa koti juu ya sare yake. Lilimbana tumboni; alifunga kifungo cha kooni tu, akaondoka kuelekea stesheni.

Jua liligusa ukingo wa paa. Ndani, Yudith aliacha kupepeta, na majani ya tumbaku yakaanza kurushwa nje ya mlango, makavu, kwa mafungu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Bashiri aliinamisha birika, likatoa tone moja na mashapo. Akaanza kukusanya vikombe, mpaka akafika kwenye kimoja kilichobaki peke yake katikati ya taruma, kahawa yake nusu, hakuna mkono karibu.

— Hiki cha nani?

— Changu, alisema Methusela kwa sauti kubwa, akasimama wima, visigino pamoja.

Kilikuwa cha Silvano.