Alama Kumi na Moja za Chaki

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, nami nitaisoma, ila pale iliponyamaza nitasema mwenyewe.

Kaka yetu, mliyezoea kumwita Fundi Betri, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na mwaka 1980 akaajiriwa katika gereji ya magari, ambako kwa miaka arobaini na minne hakuna betri iliyotoka mikononi mwake kabla hajapima maji ya kila seli na kuweka alama ya chaki, kwani kuchaji bila kupima, alisema, ni kuua polepole. Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1988, wakajaliwa mabinti wawili.

Karatasi inasema "aliugua kwa muda mfupi". Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ndicho hiki. Alilazwa tarehe 2 Mei 2024 kwa kidonda cha mguu, akaanzishiwa sindano kali za antibaiotiki, kidonda kikaanza kukauka, lakini dawa hiyohiyo ilizifanya figo zake zimwage potasiamu, madini yanayoufanya moyo upige sawasawa, jambo ambalo daktari wake alilisoma chuoni, akafaulu mtihani, akalisahau. Miguu ikalegea, misuli ikakakamaa, moyo ukawa unarukaruka, naye akaomba damu yake ipimwe, na daktari, ambaye namwona ameketi mbele na miwani mipya, akamjibu, "Mzee, wewe ni wa betri, huku niachie mimi."

Basi kila siku iliyopita bila kupimwa, marehemu alichora alama ya chaki kwenye chuma cha kitanda, zikafika kumi na moja. Damu ilichukuliwa tarehe 13, majibu yakaja kesho yake saa nne asubuhi, yakakuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi.

Familia inamshukuru daktari kwa kidonda, ambacho tunakizika kikiwa kikavu kabisa. Inawashukuru majirani, mafundi wenzake, na mama mfagiaji wa wodi, aliyefuta kila kitu asizifute zile alama. Mimi msinishukuru, nilimkuta akichora ya tisa, nikamwambia aache kuwaaibisha wenye elimu zao.

Kaka, ulipima sawasawa. Pumzika kwa amani, na utusamehe.